Gia niliyoichapisha imevunjika mara tatu: kosa ni la mchoro, la printa au langu?

"Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani hapa Mwanza. Mwaka huu mimi na mwenzangu tulinunua printa ya 3D iliyotumika, ile ya uzi wa plastiki, ili tujitengenezee spea zisizopatikana madukani. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa gia ya mashine ya kusagia nyama ya mteja. Gia hiyo ina meno 24. Upande mmoja imeungana na shafti fupi ya plastiki na upande wa pili ina tundu la milimita 8. Niliichora kwa FreeCAD, programu ya kuchorea vipuri kwenye kompyuta, nikifuatisha gia ya zamani iliyovunjika, na kipenyo chake cha nje nilikipima nikapata milimita 38.7. Mara ya kwanza niliichapisha kwa uzi wa PLA, shafti ikiwa imelala juu ya meza ya printa. Meno ya pande mbili zinazotazamana yaling'oka siku hiyo hiyo, ya pande nyingine yakabaki mazima. Mara ya pili niliisimamisha shafti ielekee juu. Meno yote yalivumilia lakini shafti ikakatika kama biskuti. Mara ya tatu niliisimamisha vilevile, nikaijaza plastiki ndani kwa asilimia 100. Safari hii shafti ilivumilia kidogo, ila baada ya kusaga kilo kadhaa mfululizo meno yakalala kama mshumaa uliokaa juani. Isitoshe, kila mara tundu la milimita 8 hutoka likiwa 7.7. Rafiki yangu anasema printa za uzi ni za kuchezea na ninunue ya resini. Mwingine anasema teknolojia yenyewe bado changa, tungoje. Je, kosa ni la mchoro, la printa, au nimejiingiza katika kazi isiyowezekana?"

Ndugu fundi, ahsante kwa kuieleza kila gia ilivunjika wapi na ilichapishwa ikiwa imekaaje. Watu wengi huniandikia kwamba "kitu kimevunjika" wakaishia hapo, ilhali mahali pa kuvunjika ndipo penye jibu. Kwa maelezo yako naona kwamba gia ya kwanza na ya pili zimekufa kwa sababu moja, ingawa mavunjiko yake hayafanani. Gia ya tatu imekufa kwa joto. Tundu lako dogo ni jambo jingine kabisa, na kwa sehemu kubwa limetoka kwenye faili hata kabla printa haijawashwa. Liko pia swali la nne ambalo hukuliuliza, nalo ni kwa nini gia ya kiwandani ilivunjika. Tutalifikia.

Kwanza niondoe hili la uchanga wa teknolojia, kwa sababu mtu akiamini chombo ni kichanga hungoja toleo jipya badala ya kujifunza tabia ya kile alicho nacho. Mwaka 1980 Hideo Kodama wa Nagoya, Japani, alikuwa tayari akigandisha plastiki ya maji kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, ila maombi yake ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hayakufika mwisho. Tarehe 16 Julai 1984 Wafaransa watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André, waliwasilisha maombi ya njia kama hiyo, kisha waajiri wao wakaiacha kwa kutoona soko lake. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Agosti 1984, Mmarekani Charles Hull aliwasilisha ya kwake, na hataza akaipata mwezi Machi 1986. Hiyo ndiyo asili ya printa za resini anazokusifia rafiki yako. Printa yako ya uzi inatokana na uvumbuzi wa Scott Crump, aliyeanza kwa kutengeneza chura wa kuchezea wa binti yake kwa bunduki ya gundi ya moto, akapata hataza mwaka 1992. Hataza ile ilipoisha mwaka 2009, miaka michache baada ya Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath kuanzisha mradi wake wa printa zinazojichapishia baadhi ya sehemu zake zenyewe, bei zilianguka na mashine zikaweza kumfikia fundi wa mtaani. Mwaka 2013 kijana wa Togo, Kodjo Afate Gnikou, aliunda printa yake mjini Lomé kutokana na mabaki ya kompyuta na skana zilizotupwa. Kwa hiyo mbinu unayotumia ina zaidi ya miaka thelathini, na udhaifu wake unajulikana vizuri. Unatokana na namna kitu kinavyojengwa, na hautaondoka kwa kungoja.

Namna ya kujenga ndiyo kiini cha jibu langu, lakini tuanze pale ulipoanza wewe, kwenye mchoro.

Uchoraji wa kompyuta unaoutumia ulipata sura yake mwaka 1963, pale Ivan Sutherland alipoonyesha katika taasisi ya MIT, Marekani, programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta, kisha akaiamuru kompyuta kwamba mstari huu uwe sambamba na ule, au upande huu ulingane na ule, na kompyuta ikaishikilia amri hiyo hata mchoro uliposogezwa. Unapoweka masharti katika FreeCAD unafanya jambo hilohilo. Zingatia kile ambacho mchoro wa namna hiyo unakijua. Unajua umbo, vipimo na mahusiano ya mistari. Haujui kama kitu kitakuwa cha chuma au cha sabuni, wala kitasukumwa kutoka upande gani. Duara katika mchoro wako ni duara kamili, na ugumu wa jino ni uleule kila upande, kwa sababu katika mchoro hakuna ugumu wowote.

Kisha unahifadhi faili la STL, na hapo ndipo tundu lako linapopungua. Mfumo huo ulibuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine za kampuni ya Hull, na unachohifadhi ni ngozi ya nje tu, iliyogawanywa katika pembetatu nyingi. Pembetatu hazina mzingo, kwa hiyo duara hugeuzwa kuwa umbo la pembe nyingi ambalo pembe zake zinagusa duara, huku pande zake zikikata ndani. Ukiiruhusu programu ipotoke hadi milimita 0.1 kutoka kwenye duara halisi, tundu lako la milimita 8 litakuwa na pande kama 14, na ukipima ubapa kwa ubapa utapata milimita 7.8. Milimita 0.1 iliyobaki inapotea wakati wa kuchapisha, kwa sababu uzi ulioyeyuka unapozungushwa kwenye duara dogo huvutika kuelekea katikati, na plastiki husinyaa inapopoa. Weka upotovu unaoruhusiwa uwe milimita 0.01. Pande zitakuwa zaidi ya 40 na tundu katika faili litakuwa 7.98. Kilichobaki kitibu kwa majaribio: chapisha kibao kidogo chenye matundu ya 8.0, 8.1, 8.2, 8.3 na 8.4, ingiza pini halisi katika kila moja, na andika ukutani ni lipi linalokaa vizuri kwa printa yako na uzi wako. Kibao hicho kitakutumikia kwa miaka. Vinginevyo chapisha tundu dogo kidogo, kisha lipitishe kekee ya milimita 8. Binafsi napendelea kekee, kwa kuwa huacha tundu la mviringo wa kweli.

Sasa tuje kwenye kuvunjika. Printa yako huyeyusha uzi wa PLA kwa nyuzijoto 200 hivi na kuutandaza kwenye mistari yenye upana wa milimita 0.4 au zaidi kidogo, na unene ambao mara nyingi ni milimita 0.2. Ndani ya mstari mmoja plastiki ni kipande kimoja kisichokatika, kama uzi wa katani. Kati ya tabaka na tabaka hali ni nyingine. Tabaka la chini limeshapoa kabla la juu halijafika, na ili viwili hivyo viungane, molekuli ndefu za plastiki zinapaswa kuvuka mpaka na kujisokota na za upande wa pili. Zinaweza kufanya hivyo pale tu mpaka unapokuwa na joto la kutosha, na joto hilo hudumu sekunde chache mno. Hivyo muungano hubaki wa juujuu. Kitu kilichochapishwa kwa uzi ni kama kuni ya mti ulionyooka: shoka hupasua kuni kwa urahisi ukifuata nyuzi zake, lakini kuikata kwa upana unahangaika.

Rudi kwenye gia zako ukiwa na picha hiyo. Jino la gia linaposukumwa hupindwa, na nguvu inayolivunja huvuta kutoka shinani kuelekea nchani. Ulipoilaza shafti mezani, matabaka yalilala sambamba na shafti. Meno yaliyotazama juu na yaliyotazama chini yalijengwa kwa matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine kutoka shina hadi ncha, kama sahani. Hayo ndiyo yaliyong'oka. Meno yaliyotazama pembeni yalikuwa na nyuzi zinazotoka shinani hadi nchani bila kukatika, na ndiyo yaliyobaki. Uliposimamisha shafti, meno yote yakapata nyuzi za kwenda nje, kwa hiyo yakavumilia, lakini shafti sasa ikawa ndiyo rundo la sahani. Shafti ikipindwa, sahani mbili zinaachana. Hukukosea mara mbili, ndugu yangu. Umbo lako linahitaji nguvu kuelekea pande mbili tofauti kwa wakati mmoja, na printa yako inaweza kuipa upande mmoja tu. Hakuna namna ya kuigeuza juu ya meza itakayokuridhisha.

Dawa basi ni kuligawa umbo. Chora gia peke yake, bapa, na uichapishe ikiwa imelala kama chapati ili meno yote yapate nyuzi za kwenda nje. Shafti usiichapishe kabisa. Tumia kipande cha nondo ya chuma iliyokerezwa, au bolti yenye sehemu isiyo na hesi, na katikati ya gia weka tundu la kuipokea. Ili shafti isizunguke yenyewe ndani ya tundu, piga tupa upande mmoja wa chuma upate ubapa, na tundu ulichore kwa umbo la herufi D. Wanafunzi wangu huona jambo hili kama kushindwa, kana kwamba aliye na printa ameapa kuchapisha kila kitu. Mimi naona fundi anayejua kuchanganya chuma na plastiki amekwisha kumpita anayejua printa peke yake.

Kuhusu kujaza ndani asilimia 100, hapa nitakuonyesha hesabu ndogo. Gia yako ina meno 24, na kanuni ya gia za kawaida ni kwamba kipenyo cha nje ukikigawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mbili, unapata moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. 38.7 ukigawanya kwa 26 unapata 1.488. Moduli zina viwango, na kiwango kilicho karibu ni 1.5, maana yake gia ilipotoka kiwandani ilikuwa na kipenyo cha milimita 39 na wewe umepima gia iliyolika. Kwa moduli hiyo unene wa jino katikati yake ni kama milimita 2.36. Sasa, ukiwa na kuta tatu, yaani mistari ya nje inayozunguka umbo, za milimita 0.4 kila upande, jumla ni 2.4. Jino limeshajaa kuta tupu! Hakuna nafasi ya ujazo wa ndani hata chembe, na asilimia 20 au 100 ni kitu kimoja kwa jino. Ongezeko la plastiki liliinufaisha shafti peke yake, nayo ni kwa sababu eneo la kuungana kati ya tabaka na tabaka liliongezeka. Kwa vitu vinene pia ni kuta zinazobeba mzigo wa kupinda kuliko kilicho katikati, na ndiyo maana mwanzi una uwazi ndani na bado unabeba paa. Weka kuta nne au tano, ujazo wa asilimia 40, na utaokoa uzi na muda.

Hesabu hiyohiyo inafichua kosa moja lililo lako kweli: usichore kwa kufuatisha meno yaliyolika. Ukiyafuatisha, umeuchora na ulikaji wake. FreeCAD, katika sehemu yake ya usanifu wa vipuri, ina chombo cha kuchora gia ambacho ukikipa moduli 1.5 na meno 24 kitakupa mkunjo sahihi wa jino, mkunjo unaoyafanya meno yaviringike badala ya kukwaruzana. Hesabu pia meno ya gia inayokutana nayo, uipime, na uhakikishe moduli ni ileile. Kisha zungusha kidogo kona ya ndani pale jino linapoota kutoka kwenye mwili wa gia. Kona kali ni mahali ambapo nguvu zote hukusanyika, na ufa huanzia hapo.

Joto. PLA, ambayo hutokana na wanga wa mimea kama mahindi, huanza kulegea ikifika nyuzijoto 60 hivi. Ndani ya kasha la mashine ya kusagia nyama, mota ikiwa imefanya kazi mfululizo na meno yakisuguana, kiwango hicho hufikiwa bila shida. Mchoro wako na mpangilio wa printa havihusiki na meno yale yaliyolala. Uzi wa PETG huhimili hadi karibu nyuzijoto 80 na tabaka zake hushikana vizuri, nao ni rahisi kuchapisha, kwa hiyo kwako ndio hatua ya kwanza. ABS hufika kama 105, ila hujikunja ikipigwa na upepo wakati wa kuchapishwa na mvuke wake unaudhi mapafu, hivyo inahitaji kasha na chumba chenye hewa. Nailoni ndiyo plastiki ya gia kwa asili yake: ni ngumu kuvunjika na inateleza. Lakini hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi, na hapo ulipo ukingoni mwa ziwa utalazimika kuikausha kabla ya kila kazi, na huhitaji nozeli, yaani mdomo wa printa unaotoa plastiki, ya joto la nyuzi 250 au zaidi. Angalia kwanza kichwa cha printa yako. Printa nyingi za bei nafuu zina kijibomba cheupe cha teflon kinachofika hadi kwenye nozeli, na kijibomba hicho kikipita nyuzijoto 240 hivi huanza kuharibika na kutoa mvuke wenye madhara. Kama ndivyo ilivyo kwako, nailoni iache hadi ubadilishe kichwa. Kwa uzi wowote utakaotumia, pandisha joto la nozeli kwa nyuzi tano hadi kumi juu ya mazoea yako na upunguze feni. Sura ya nje itaharibika kidogo, lakini tabaka zitashikana zaidi, na gia haiangaliwi uzuri.

Sasa ushauri wa rafiki yako kuhusu resini. Ana ukweli nusu. Katika njia ya Hull mwanga huunganisha molekuli za tabaka jipya na za lile la chini kwa kemia, si kwa kubandikana, kwa hiyo kitu cha resini kina nguvu zinazokaribiana pande zote, na vipimo vyake ni vya kupendeza. Ila resini za kawaida ni kavu kama kioo. Jino la resini ya kawaida likikutana na kipande cha mfupa halitapinda, litaruka. Zipo resini zilizotengenezwa kuvumilia zaidi, nazo bei yake ni kubwa na bado sizipendelei kwa gia yenye mishtuko. Kuna na gharama isiyoandikwa kwenye tangazo: resini ya maji hudhuru ngozi, na mtu aliyeishika kwa mikono mitupu mara nyingi anaweza kupata mzio wa kudumu. Utahitaji glavu, pombe ya kuoshea, taa ya kukaushia, na mahali pa kutupa uchafu wake pasipo karibu na maji. Kwa karakana inayotengeneza vifaa vya jikoni, mimi nisingeinunua.

Ipo njia ya tatu, iliyovumbuliwa na Carl Deckard akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin katika miaka ya 1980, ambapo leza huyeyusha na kuunganisha unga wa nailoni tabaka kwa tabaka. Gia za njia hiyo ni nzuri kweli, lakini mashine zake si za karakana ndogo. Mchoro wako unaweza kuutuma kwa kampuni inayochapisha kwa malipo, na kwa spea moja ya mashine ya thamani hesabu inaweza kukubali. Kwa mashine ya nyama ya nyumbani, usafiri peke yake utazidi bei ya gia.

Njia mbili za karibu zaidi unazijua tayari, nadhani umezisahau kwa sababu ya furaha ya printa mpya. Fundi wa kukereza aliye na mashine ya kukatia meno ya gia anaweza kukutengenezea gia hiyo kutoka kwenye gogo la nailoni, na nailoni hiyo haina matabaka. Au unaweza kuichapisha gia kwa PLA, ukaifanya kielelezo cha kufinyia kalibu ya mchanga, na mafundi wa kusubu alumini wakaimiminia. Ukichagua kusubu, ongeza vipimo vyote kwa asilimia 1.3 hivi, kwa sababu alumini husinyaa inapoganda na kupoa. Kielelezo hakibebi mzigo wowote, kwa hiyo udhaifu wote wa matabaka niliokueleza unakuwa hauna maana. Kwa pampu za maji, mashine za kukamua mafuta na zana za shamba, naamini hiyo ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa printa kama yako.

Lakini kwa mashine hii ya nyama, alumini nakukataza, na hapo tunafika kwenye lile swali la nne. Fungua kasha utazame. Gia nyingine zote huenda ni za chuma au ni nene zaidi, na hii moja ni ya plastiki. Katika mashine nyingi za nyumbani za aina hii si ubahili wa mtengenezaji. Gia ya plastiki imewekwa ivunjike kwa makusudi, kama fyuzi inavyoungua, ili mfupa au mshipa mgumu ukikwama mota isiendelee kusukuma hadi waya zake ziungue. Ukiweka gia isiyovunjika, umehamishia mvunjiko kwenye mota, na mteja atarudi na mashine inayonuka moshi. Kwa hiyo usitafute gia yenye nguvu kuliko zote. Tafuta inayodumu katika kazi ya kawaida na kukubali kufa siku ya mfupa. PETG iliyochapishwa bapa, yenye shafti ya chuma, iko karibu na hapo. Mwuzie mteja gia mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba, na umweleze sababu. Na umwulize anasaga nini: kama ana genge la supu na anasaga nyama yenye mifupa midogo, hakuna gia itakayomsaidia, ameizidisha mashine uwezo wake.

Jambo la afya nalipitia kwa ufupi. Gia iko ndani ya kasha na haigusi nyama, kwa hiyo haina tatizo, ila hakikisha sili kati ya kasha na chumba cha nyama ni nzima, na grisi isivuje. Ukiombwa kuchapisha parafujo inayosukuma nyama, au kile kijiti cha kusindilia, kataa. Mifereji kati ya tabaka na tabaka hushika damu na mafuta mahali ambapo brashi haifiki, na nozeli za shaba nyeupe nyingi huwa na kiasi kidogo cha madini ya risasi.

Yapo pia ambayo usiyaamue kwa barua kama hii wala kwa kujaribu mwenyewe. Kipuri chochote cha breki au usukani, cha mtungi wa gesi au jiko la presha, cha kifaa cha hospitali, au kinachotenganisha mtu na umeme, kipeleke kwa mhandisi akione kwa macho na kukipima kabla hakijafungwa. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako ni mahali pa kuanzia, chuo cha ufundi cha VETA pia, na ukihitaji plastiki ipimwe kwa mashine ya kuvuta hadi ikatike, waulize vyuo vya uhandisi, kwa mfano DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Na kama mota ya mashine hii ilishatoa harufu ya kuungua katika majaribio yako matatu, mpelekee fundi wa kusuka mota kabla ya gia ya nne, kwa sababu mota iliyoanza kushoti hupasha joto kasha zima na hata PETG italegea.

Gia ya nne ikiwa tayari, ifunge, ipake grisi, kisha zungusha mashine kwa mkono duru nzima kadhaa bila umeme. Ukisikia inakaza mahali palepale kila duru, kuna jino lenye tone la plastiki lililobaki, lipitishe kisu. Ikizunguka laini, washa bila nyama dakika mbili, zima, na uguse kasha. Ndipo uweke nyama isiyo na mfupa, kidogo kidogo, ukipumzisha mota kila baada ya muda mfupi. Zile gia tatu zilizovunjika usizitupe. Zitundike karibu na kile kibao cha matundu, na kila moja uiandikie kwa kalamu ya wino ilichapishwa ikiwa imekaaje.